Nakala ya Picha ya Msanii wa Kisasa: Kuichagua, Kuitia Fremu na Kuitunza Hapa Mombasa

Siku hizi si ajabu kuingia sebule ya Nyali, Tudor au Kisauni ukakuta picha ya Kandinsky, mchoraji wa Kirusi, ukutani. Ni chapa, bila shaka. Nyingine zimeletwa na jamaa waliorudi kutoka ng'ambo, nyingine zimechapwa papa hapa mjini na watu wa mabango, na nyingine hupatikana mgeni anapofunga nyumba na kuuza vyombo vyake kabla ya kuondoka. Wengi wanaoanza kukusanya huogopa kuuziwa feki. Mimi naona hofu hiyo imekaa upande mmoja mno. Hapa pwani unyevu na gundi ya fundi wa fremu ni maadui wakubwa kuliko mghushi yeyote. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye bei, nitakaa kidogo kwenye ukaguzi, na nitakaa sana kwenye fremu.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Muuzaji akikwambia "hii ni printi", muulize: printi ya namna gani? Akishindwa kujibu, itabidi ujijibu mwenyewe, maana aina hizi hazilingani kwa umri wala kwa bei.

Iko ya ofseti, yaani bango lililopita kwenye mashine kubwa ya kuchapa kwa wino wa rangi nne. Mabango mengi ya makumbusho ya Ulaya ni ya aina hii. Karatasi yake huwa nyembamba na mara nyingi ina mng'ao.

Iko ile wauzaji wanayoiita jiklee: printa ya wino wa kunyunyiza, lakini yenye wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) na karatasi nene ya pamba. Ikichapwa vizuri hudumu kwa miongo mingi. Tatizo ni kwamba jina hili halina mlinzi. Yeyote mwenye printa anaweza kulitumia, hata kama wino wake ni ule wa rangi iliyoyeyushwa, unaopauka upesi. Ulizia wino na karatasi, jina liache.

Iko ya kanvasi iliyovutwa kwenye mbao. Zitazame zile zilizopakwa jeli juu ili zionekane zina mapigo ya brashi: mara nyingi mapigo hayafuati picha, yanakata mstari mweusi katikati kana kwamba mchoraji alikuwa amefumba macho. Wakusanyaji wengi hawazitaki, nami sizitaki.

Halafu iko chapa ya asili, ambayo si nakala hata kidogo ingawa ziko nyingi. Hapa msanii mwenyewe amechora juu ya jiwe, bamba au skrini ili kazi izaliwe ikiwa chapa. Mfano mzuri ni njiwa wa Picasso. Mwanzoni mwa 1949 alimtengeneza kwa litografia, yaani chapa inayochorwa juu ya jiwe au bamba, toleo dogo. Miezi michache baadaye njiwa yuleyule akawekwa kwenye bango la mkutano wa amani uliofanyika Paris mwezi wa Aprili. Ndege ni mmoja, lakini litografia na bango ni vitu viwili, na bei zake haziko hata mtaa mmoja.

Nakala haina aibu yoyote. Aibu ni nakala inayouzwa kwa jina lisilo lake. Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kaulimbiu yake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Aliwalenga wachoraji. Mnunuzi ana nafuu kidogo, mradi ajue anachokinunua.

Hatua ya 2: Pima na uhesabu

Kabla hujatoa pesa, tafuta ukubwa wa picha ya asili kwenye tovuti ya makumbusho inayoimiliki. Gawanya upana kwa urefu. Fanya vivyo hivyo kwa nakala iliyo mbele yako, ukipima eneo la picha tu bila pambizo. Namba zikipishana sana, picha imekatwa au imevutwa.

Chukua ile ya Kandinsky ambayo huenda ndiyo inayouzwa sana kuliko zote, ya miraba yenye duara ndani ya duara. Aliichora mwaka 1913 na iko kwenye makumbusho ya Lenbachhaus, Munich. Wengi hawajui kwamba ni karatasi ndogo, takriban sm 24 kwa 32. Ilikuwa jaribio lake la kuona rangi zinavyokaa zikiwekwa jirani, na wala hakuikusudia iwe mchoro mkubwa wa kutundikwa. Ina miraba 12: safu 3, kila safu miraba 4. Basi ihesabu. Utakuta zenye miraba 9, kwa sababu muuzaji alitaka picha ya mraba. Utakuta zilizosimamishwa wima. Utakuta zimekuzwa hadi mita moja na nusu, mpaka kila tone la rangi ya maji limekuwa ukungu. Ile iliyo karibu na ukubwa wake wa kweli, yenye miraba yote 12 na inayoonyesha hata kingo ambapo rangi imevuja, ndiyo ya kununua, hata kama haijazi ukuta.

Rangi nazo zilinganishe na picha ya makumbusho kwenye simu, lakini uwe karibu na dirisha. Chini ya taa ya duka kila nyekundu ni nzuri.

Hatua ya 3: Lenzi na taa

Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Haina gharama kubwa na huingia mfukoni. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha isogelee karatasi mpaka uone vizuri.

Ofseti itakuonyesha vitone vya samawati, majenta, njano na nyeusi vilivyojipanga kwa utaratibu, vikifanya maua madogo madogo ya duara. Ukishayaona mara moja hutayasahau. Jiklee ina vitone vidogo zaidi, vimetawanyika bila mpango. Chapa ya skrini haina vitone kwenye rangi tupu. Utaona tabaka la wino limekaa juu ya karatasi, na mahali rangi mbili zinapokutana ukingo wake huonekana. Litografia iliyochorwa juu ya jiwe ina chembechembe zisizofanana, na hakuna maua popote. Kwa hiyo mtu akikuletea "litografia halisi ya 1950" na ukayakuta maua yale, mrudishie kwa adabu.

Kifaa cha pili utakikuta kwenye duka lolote linalopokea noti kubwa: taa ya urujuanimno ya kukagulia pesa. Zima taa za chumba umulike karatasi. Ikiwaka kwa rangi ya buluu kali, ina dawa ya kuing'arisha, na dawa hizo zilienea kwenye karatasi baada ya miaka ya 1950 kuanza. Basi chapa inayodaiwa kuwa ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haiwezi kuwaka hivyo. Kipimo hiki kina faida hata kwa jiklee mpya: dawa ile hufifia na miaka, karatasi ikaanza kuonekana ya manjano. Ukiweza, chagua isiyowaka.

Hatua ya 4: Sahihi, namba na cheti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Sahihi ziko mbili. Moja imechapwa pamoja na picha, kwa sababu ilikuwa kwenye kazi ya asili. Hiyo haiongezi hata shilingi. Ya pili imeandikwa kwa mkono, kwa kawaida kwa penseli, chini kulia kwenye pambizo, na namba ikiwa kushoto. Iinamishe karatasi kwenye mwanga: penseli humeta kijivu na huacha kijishimo kidogo. Chini ya lenzi haina vitone. Sahihi yenye vitone imechapwa, hata iwe na umbo la penseli namna gani.

Hata penseli ya kweli haitoshi. Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilisimamisha lori lililokuwa likielekea Andorra, ndani yake mna karatasi tupu 40,000 zilizokwisha kutiwa sahihi ya msanii Salvador Dalí. Karatasi zilikuwa bado zinasubiri picha! Tangu hapo, chapa za Dalí za miaka ya mwisho hununuliwa na wanaojua sana au na wasiojua kabisa. Kama hujafika kwenye kundi la kwanza, ziache.

Namba kama 37/200 maana yake ni nakala ya 37 katika toleo la 200, na A.P. au E.A. ni nakala alizojiwekea msanii mwenyewe. Kwenye chapa ya asili namba hizo zina uzito. Kwenye jiklee ya msanii aliyekufa zamani, ni muuzaji aliyeamua: leo atatoa 200 za ukubwa huu, kesho 200 za ukubwa mwingine. Usilipie namba hiyo kitu.

Na cheti? Muulize aliyekitoa ni nani. Cheti cha maana hutaja jina la kazi, mchapishaji, mwaka, idadi ya toleo, karatasi na wino. Kile chenye utepe wa dhahabu na maneno "imethibitishwa kuwa halisi" pekee kinaweza kuchapwa Moi Avenue ukisubiri.

Hatua ya 5: Haki ya kuchapa

Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Ulaya ni miaka 70. Kandinsky alifariki 1944, mchoraji mwenzake Paul Klee 1940. Ndiyo maana kila mtu anawachapa na ndiyo maana ubora umetofautiana hivi. Picasso alifariki 1973, kwa hiyo kule Ulaya kazi zake bado zina wenyewe. Bango lake jipya lililochapwa Ulaya linatakiwa liwe na maandishi madogo ya haki kwenye pambizo.

Na pambizo hiyo usimruhusu mtu aikate. Jina la mchapaji, la makumbusho na mwaka huandikwa pale, na ndiyo ushahidi wako wote siku ya kuuza.

Ukitaka msanii wa kwetu aliye hai, njia ni fupi: mwendee mwenyewe, akuchagulie, atie sahihi mbele yako. Kwa Tingatinga uwe makini. Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Picha ikiitwa tingatinga haina maana ni mkono wake.

Hatua ya 6: Bei na kuileta nyumbani

Patana kama unavyopatana kwa kitu chochote, ila hesabu fremu kabla. Fremu nzuri mara nyingi huzidi bei ya nakala yenyewe, na ni sawa.

Ukiagiza kutoka nje, ushuru huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha kodi ya ongezeko la thamani. Omba iviringishwe ndani ya bomba pana, picha ikiangalia ndani, na karatasi safi katikati. Ikifika, usiivute kwa nguvu. Ilaze juu ya meza safi, ifunike kwa karatasi nyeupe, weka ubao na vitabu juu, uiache siku chache. Pasi usiisogeze hata kwa utani.

Kama unaivusha Likoni au unaipeleka kwa tuktuk wakati wa mvua, ifunge nailoni, lakini ifungue mara tu ukifika. Karatasi iliyoachwa ndani ya nailoni wiki nzima hapa Mombasa hutoka na ukungu.

Hatua ya 7: Fremu

Fundi wa fremu wa kawaida ana ustadi wa pembe na vioo, na ana ugonjwa mmoja: gundi. Mazungumzo huwa hivi:

"Bwana, nikiibandika juu ya bodi itakaa sawa. Usipoibandika itatia mawimbi."

"Fundi, usiibandike. Nitaleta vya kushikia mwenyewe."

"Ikitia mawimbi usinirudie."

"Hakuna neno, fundi."

Kusema kweli, ana hoja. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, na masika ikifika itacheza. Lakini ikibandikwa nzima haitoki tena bila kuchanika, na thamani yake kwa mkusanyaji imekwisha siku hiyo. Dawa ni kuipa nafasi ya kutanuka.

Kwa chapa ndogo, isiyozidi sm 40 hivi, tengeneza vifuko vya pembe. Kata vipande vinne vya karatasi isiyo na asidi, upana sm 3 na urefu sm 8. Kila kipande kikunje ncha zote mbili kuelekea chini mpaka zikutane katikati na kufanya pembetatu. Ingiza pembe ya picha ndani ya kifuko, kisha tepu ishike kifuko kwenye kadi ya nyuma. Tepu haigusi picha popote. Acha uwazi wa milimita moja au mbili kila pembe ili karatasi ipate pa kwendea.

Chapa kubwa italegea katikati ukitumia vifuko pekee. Hiyo ininginize kwa bawaba mbili za karatasi nyembamba ya Kijapani, juu tu, upande wa nyuma, kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa na kuchujwa. Paka kiasi kidogo. Wanga mwingi ni karamu ya wadudu. Selotepu na tepu ya wapaka rangi haziruhusiwi hata kwa muda. Baada ya miaka huacha doa la kahawia linalopenya hadi mbele.

Kioo kisiguse picha. Kati yake weka maunti, yaani kadi iliyokatwa dirisha katikati, yenye unene wa angalau milimita 1.5, isiyo na asidi. Kioo kikigusana na karatasi, umande wa usiku hunasa hapo, wino hunata, na siku ya kufungua kioo huondoka na kipande cha picha yako ya Matisse.

Nyuma ya picha, hadibodi tupu ni mbaya: ina asidi na hunyonya maji. Nenda kwa wachora mabango uombe kipande cha ile plastiki ya polipropilini yenye mifereji ndani, wanayochapia vibao vya "plot inauzwa". Haina asidi, haipitishi unyevu, na mchwa hawana hamu nayo. Kwa mpangilio: kioo, maunti, picha kwenye kadi isiyo na asidi, halafu plastiki hiyo. Funga kingo zote nne za mkusanyiko huo kwa tepu ya foili ya alumini, ile mafundi wa eisii (kiyoyozi) wanayofungia mabomba, kabla hujauingiza kwenye fremu.

Lakini sikiliza: fanya kazi hii Januari au Februari, kaskazi likivuma na mvua hazijaanza, au uweke vifaa vyote siku nzima kwenye chumba chenye eisii. Ukifunga mwezi wa Mei, umefungia masika ndani.

Fremu yenyewe iwe ya alumini au mbao ngumu. Mbambakofi ni ghali na ni nzito, ila mchwa huikwepa, na nyumba za Mji wa Kale zenye milango ya mbambakofi ni shahidi wa kutosha. Mbao laini zipakwe dawa na zikauke kabisa kabla picha haijaingia.

Hatua ya 8: Mahali pa kutundika

Gusa ukuta kwa kiganja asubuhi. Ukiwa baridi na unyevunyevu, tafuta mwingine. Kuta za nje zinazopokea kusi na kuta za zamani za mawe na chokaa, zile ambazo chumvi huchomoza na kubandua rangi, hazifai. Ukuta wa ndani unaogawa vyumba viwili ndio bora. Epuka jikoni, mlango wa bafu, na mahali eisii inapopuliza moja kwa moja.

Jua ni jambo la pili. Pitia kinyozi chochote cha zamani utazame mabango yaliyo karibu na mlango: nyuso zote zimekuwa za buluu. Njano na majenta ndizo hufa kwanza, samawati na nyeusi zikabaki. Rangi iliyopauka hairudi, na kioo cha kawaida hakizuii mengi. Kama chumba kina mwanga mkali, lipia akriliki yenye kinga ya urujuanimno, au badilishabadilisha picha ukutani.

Toboa kwa drili, weka plagi na skrubu. Msumari kwenye chokaa hutoka na ukuta wake. Tumia kamba ya nailoni nene au waya usioshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari hula waya wa kawaida kimyakimya. Kwenye pembe nne za nyuma gundisha vipande vya mpira, hata vya ndara iliyochakaa, vyenye unene wa sm 1, ili hewa ipite.

Hatua ya 9: Utunzaji

Nunua kipima unyevu kidogo. Wahifadhi hupendelea karibu asilimia 50. Hapa kwetu huipati bila mashine, basi lengo lako liwe kutokaa muda mrefu juu ya 65, ambapo ukungu huanza kustawi. Wakati wa masika zungusha feni, fungua madirisha mvua ikikatika, na kila baada ya majuma mawili shusha picha uangalie nyuma.

Ukiona unyoya mweupe au madoa madogo ya kahawia, itenge na nyingine. Ifungue nje kivulini, uvae barakoa, uache karatasi ikauke, kisha ufute ukungu kwa brashi laini sana ukielekeza upande mmoja. Usitumie kitambaa cha maji wala jiki. Madoa yaliyopenya ni kazi ya mhifadhi.

Kioo kifutwe kwa kitambaa kilichopuliziwa dawa. Dawa ikipuliziwa kwenye kioo hutiririka hadi kwenye maunti. Na anayefanya usafi nyumbani aambiwe hivyo mapema, kabla hajaanza.

Hatua ya 10: Bahasha ya nyuma

Weka bahasha ya karatasi nyuma ya fremu, nje ya ile foili. Ndani tia risiti na karatasi moja yenye jina la kazi, msanii, mwaka wa picha ya asili na makumbusho iliko, kisha neno "nakala" kwa herufi kubwa, aina ya chapa na mchapaji. Ongeza mwezi uliotiwa fremu, na useme kama picha imeshikwa kwa vifuko au kwa bawaba za wanga, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue kwamba bawaba hizo zinaachia kwa maji kidogo na hana haja ya kisu.